Kutaga, Kuzaa na Kuatamia: Istilahi za Uzazi na Malezi ya Viumbe wa Baharini

1. Utangulizi

Kilwa Kivinje ni mji wa pwani ya Lindi ambao wasomaji wetu wengi wanaufahamu kwa historia yake: mwisho wa njia za misafara katika karne ya 19, na mahali ambapo Wajerumani walijenga boma lao karibu na ufuko. Katika makala haya hatukusudii kuizungumzia historia hiyo. Tunakusudia kueleza jambo la lugha lililotukuta hapo hapo pwani, maji yakiwa yamekupwa na ngalawa zimelala juu ya matope.

Tulikuwa na rasimu ya tangazo la uvuvi, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambayo tuliombwa tuikague lugha yake kabla haijapigwa chapa. Tuliona vema kwanza tuwasomee wale ambao tangazo liliandikwa kwa ajili yao. Sentensi moja ilisema: "Ni marufuku kuvua kamba wenye mayai wakati wa kuzaa." Mzee mmoja wa uvuvi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, kamba gani huyo? Mwenye mayai ya ndani au ya nje? Na kamba tangu lini akazaa?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukuwa na jibu. Sarufi ya sentensi ile haikuwa na kosa, na kila neno lake limo katika kamusi. Hata hivyo mtu aliyetaka kuitii asingejua amrudishe nani baharini na amtie nani tengani. Tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kufasiri sheria na kanuni imekuwa kubwa zaidi. Mkosi wa namna hii, basi, si wa mwanafunzi darasani tu. Ni wa mfasiri, wa mtumishi wa Serikali, wa mvuvi, na wa kiumbe mwenyewe.

2. Maneno tuliyoyarithi bandani

Maneno yetu ya uzazi wa wanyama yametoka hasa kwa mifugo wawili. Wa kwanza ni kuku: anataga, anaatamia, anatotoa, analea. Wa pili ni mbuzi: anapandwa, anashika mimba, anazaa, ananyonyesha. Maneno haya yamefuatana kwa karne nyingi hata kila moja humwita mwenzake. Ukisema kuku ametaga, msikilizaji hungoja aatamie. Ukisema mbuzi amezaa, hungoja anyonyeshe.

Baharini mfuatano huu huvunjika. Wako wanaotaga wasiatamie, wako wanaozaa wasilee, wako ambao mayai yao huanguliwa tumboni mwa mama, na yuko dume anayebeba mimba. Mfasiri anayechukua neno la bandani na kulitia baharini bila ya kulipima huingiza pamoja nalo mambo ambayo mnyama huyo hayafanyi. Ndiyo maana twashauri kwamba istilahi za somo hili ziteuliwe kwa kutazama tendo lenyewe: nani anafanya, wapi, na kwa muda gani. Hapo chini tutayapitia matendo hayo moja moja.

3. Kukutana kwa dume na jike

Vitabu vyetu vya elimu ya viumbe hutumia "kujamiiana" kwa karibu kila tendo la dume na jike. Neno hili lafaa pale miili inapokutana. Kasa dume humpanda jike juu ya maji na kulishika gamba lake kwa kucha. Huko ni kupandana, na neno la mfugaji lamtosha kabisa. Papa dume na taa dume wana viungo viwili karibu na mapezi ya tumbo, ambavyo hupitishia mbegu mwilini mwa jike. Huko nako ni kujamiiana.

Pweza ana njia yake. Mmoja wa minyiri minane ya dume umeumbwa tofauti kidogo nchani, na kwa mnyiri huo hupeleka vifuko vya mbegu ndani ya mwili wa jike. Pweza wa miambani mwetu huweza kufanya hivyo akiwa mbali kwa kadiri ya urefu wa mnyiri, naye ana sababu ya kujihadhari, kwa maana imeonekana mara kadhaa jike akimkamata dume na kumla. Mnyiri huo twapendekeza uitwe "mnyiri wa mbegu", neno ambalo mwanafunzi atalielewa bila ya maelezo.

Kaa koko wa mikokoni huonyesha tendo jingine linalohitaji jina. Dume humtafuta jike aliye karibu kujivua gamba, akamkumbatia chini ya mwili wake kwa siku kadhaa akimlinda. Jike akishajivua, angali laini, ndipo wanapojamiiana. Ulinzi huo wa kabla si kujamiiana, wala si uchumba. "Kumlinda jike" ni maneno mawili ya kawaida, na hatuoni haja ya kuunda jipya.

Lakini chewa na changu, kama samaki wengi wa miamba, hawajamiiani hata kidogo. Jike humwaga mayai majini, dume humwaga mbegu papo hapo, na vitu hivyo viwili hukutana nje ya miili yao. Aina nyingi za chewa hukusanyika kwa kazi hiyo mahali maalumu na kwa nyakati zinazofuata mwezi. Mfasiri anayeandika kwamba chewa "hujamiiana miambani" amesema uongo kwa neno moja. Na aandike "hukusanyika kumwaga mayai". Hapo afisa wa uvuvi na mvuvi wote wataelewa kwa nini mahali pale na siku zile zina thamani kuliko nyingine.

Yai likishapata mbegu, vitabu vingine husema "limerutubishwa", vingine "limetungishwa". Sisi twaona "kutungisha" kuna haki zaidi. Rutuba ni ya udongo, na kurutubisha ni kuongeza nguvu ya kitu kilichokuwapo, kama mkulima atiavyo samadi shambani. Kutunga ndiko kuanza kwa mimba katika Kiswahili cha siku zote. Basi tuna utungisho wa ndani, kama wa papa, kasa na pweza, na utungisho wa nje, kama wa chewa.

4. Kumwaga, kufukia na kubeba mayai

Sasa twaweza kulirudia swali la mzee wa Kilwa Kivinje. Kiswahili huwaita "kamba" viumbe wawili ambao Kiingereza huwapa majina mbalimbali. Yuko kamba mdogo anayevuliwa kwa wingi kwenye maji ya matope karibu na mikoko, na yuko kamba kochi, mkubwa, mwenye miiba, akaaye kwenye mapango ya miamba. Majina yao yanafanana. Uzazi wao haufanani.

Kamba mdogo jike hukomaza mayai ndani ya mwili, akayamwaga baharini, akaenda zake. Hayabebi wala hayalindi. Watoto huchukuliwa na maji mpaka waingie kwenye mikoko, ambako hukulia. Kamba kochi ni mwingine. Dume hubandika mbegu kifuani mwa jike. Jike akitoa mayai, huikwaruza bandiko hiyo ili mayai yatungishwe, kisha huyashika kwa nyuzinyuzi chini ya mkia na kuyabeba kwa majuma kadhaa. Mayai mapya huwa na rangi ya machungwa, na yakikaribia kuanguliwa hugeuka kuwa kahawia. Mtu yeyote akimpindua kamba kochi huyo ataona mzigo wake.

Kwa hiyo "kamba wenye mayai" ina maana mbili zilizo mbali sana. Ikiwa ni mayai ya ndani, basi karibu kila kamba jike aliyekomaa amekatazwa, na si rahisi kwa mvuvi kumtambua. Ikiwa ni mayai ya nje, anayekusudiwa ni kamba kochi peke yake, na agizo latekelezeka kwa kutazama. Katika nchi nyingi kanuni za namna hii humhusu huyu wa pili. Tafsiri iliyo salama ni: "Ni marufuku kuvua kamba kochi aliyebeba mayai chini ya mkia." Ni ndefu kwa maneno machache, lakini haimwachi mtu njia panda. Kaa koko jike naye hubeba mayai chini ya tumbo, akatoka mikokoni kwenda bahari ya wazi ili watoto waanguliwe huko. Kitenzi "kubeba" chamfaa vilevile.

Kasa hafanani na yeyote kati ya hao. Jike hupanda ufukweni usiku, hufukua shimo, hutaga mayai mia moja au zaidi, huyafukia, akarudi baharini. Kwa msimu mmoja huweza kurudi mara kadhaa kwa kupisha majuma mawili hivi, lakini hatawaona watoto wake. Mayai hukaa mchangani kwa miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi zaidi. Kusema kwamba kasa "huatamia mayai yake mchangani", kama tulivyosoma mahali pamoja, ni kumpa kazi inayofanywa na jua na mchanga. Mwanakijiji anayesoma hivyo atadhani kwamba pasipo mama pale hapana mayai yaliyo hai. Na tuseme kasa "hutaga na kufukia".

Hapo pana jambo la sarufi pia. Husemwa kuku "ametotoa" vifaranga, kwa kuwa kazi ni yake. Kwa kasa mama hayupo. Twapendekeza "mayai yameanguliwa" au "watoto wametoka mayaini", bila ya kumtaja mtenda asiyekuwapo.

5. Kuatamia: pweza

Je, lipo jike baharini linalostahili neno "kuatamia"? Lipo, naye ni pweza.

Pweza jike akikaribia kutaga huchagua pango, huingia, na mara nyingi huuziba mlango kwa mawe. Hutundika mayai yake, madogo kama chembe, kwa mashada; idadi yake huweza kupindukia laki moja. Kuanzia hapo hatoki. Huyapangusa mayai kwa minyiri yake na kuyapulizia maji safi ili yapate hewa na yasiote uchafu. Hali, hukonda, rangi yake hufifia. Na mayai yanapoanguliwa, mama naye hufa. Uzazi wake ni mmoja tu katika maisha yake yote.

Mtu aweza kutupinga akisema kwamba kuatamia ni kutia joto, na pweza hana joto la kutia. Jibu letu ni kwamba joto ni namna ya kuku ya kufanya kazi hiyo. Katika matumizi ya neno, anayeatamia ni yule anayekaa juu ya mayai yake asiyaache, akajinyima chakula kwa ajili yake. Kwa kipimo hicho pweza anaatamia kuliko hata kuku, maana kuku huinuka mara moja kwa siku akadonoe. Neno likinyooshwa hivi halipotoshi maana yake ya asili, na linamfikisha msikilizaji kwenye ukweli mara moja.

Ubishi huu una uzito wake kazini. Kanuni za uvuvi za Tanzania hukataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Kanuni hiyo humlinda mtoto. Haimlindi mama, kwa maana pweza anayeatamia amekwisha kupita uzito huo. Naye ni mwepesi wa kukamatwa kuliko wote, kwa sababu hakimbii: wanawake na wanaume wanaotembea mwambani wakati wa bamvua, mti mkononi, humkuta pale pale alipo. Kwa sababu hii, jamii kadhaa za pwani huufunga mwamba kwa muda, aghalabu miezi michache, kisha huufungua. Mfano unaotajwa sana ni wa Andavadoaka, Madagaska, uliokoanza mwaka 2004, na utaratibu kama huo umeenea hata kwenye pwani ya Tanzania. Katika mikutano ya kuueleza utaratibu huo, kuna tofauti kubwa kati ya kusema "kipindi cha uzalishaji wa rasilimali" na kusema "pweza wanaatamia". La kwanza husikika kama habari za kiwandani. La pili laeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku, naye ajua kwamba kuku aliyeatamia hachinjwi.

6. Kuzaa, na wanaozaa pasipo kufikiriwa

Papa na taa wamewasumbua wafasiri kwa sababu ni samaki, na samaki hudhaniwa wote hutaga. Wako papa wanaotaga mayai yenye ganda gumu, lakini papa wengi huzaa watoto kamili. Katika baadhi yao mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na watoto hukulia humo mpaka wazaliwe. Potwe, yule papa mkubwa anayejulikana sana maji ya Mafia, ni wa jamii hiyo: jike aliyepatikana Taiwani mwaka 1995 alikuwa na watoto wapatao 300 tumboni. Tendo hili twapendekeza liitwe "kuangulia tumboni", ili litenganishwe na kuzaa kwa mnyama ambaye mtoto wake hulishwa kwa kondo.

Mfano ulio mkubwa kupita wote umetoka Kilwa yenyewe. Mwaka 2003, karibu na kisiwa cha Songo Mnara, alinaswa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha toweka zamani za mbali, mpaka alipopatikana mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Uzazi wake ulibishaniwa kwa muda mrefu. Majike waliopasuliwa walikutwa na mayai makubwa kiasi cha chungwa, na wengi wakaandika kwamba silikanti hutaga. Mwaka 1975, katika jumba la makumbusho mjini New York, alipasuliwa jike aliyevuliwa Komoro, na ndani wakakutwa watoto watano waliokaribia kuzaliwa. Neno "hutaga" likalazimika kufutwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba mimba yake huchukua miaka ipatayo mitano, na kwamba jike hafikii umri wa kuzaa mpaka apite miaka 50. Mfasiri atakayeandika leo kwamba silikanti hutaga atamfanya msomaji aamini kwamba samaki huyu huongezeka upesi kama dagaa. Na silikanti mmoja anayenaswa kwenye jarife ni hasara ya nusu karne.

Nguva hana utata wa istilahi, ila utata wa jina. Wengi humwita samaki, na hadithi zimemfanya nusu mtu. Yeye ni mamalia: hubeba mimba kwa miezi 13 au 14, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa mwaka mmoja na nusu hivi kwa matiti yaliyo karibu na makwapa, na huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Maneno yote ya mbuzi yanamfaa. Maji ya kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo makao yake makuu yaliyobaki Tanzania, na waliobaki ni wachache. Mwalimu akimweka nguva katika fungu la samaki, mwanafunzi hataelewa kwa nini kifo cha jike mmoja ni jambo zito hivyo.

Mwisho ni farasi-bahari, aishiye kwenye majani ya baharini. Jike huyatia mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume. Dume huyatungisha humo, huwapa hewa na lishe, na siku ikifika huwatoa watoto kwa kujikamua. Je, tuseme dume "ana mimba"? Twaona yafaa, maana lugha haikatazi: mimba ni ya yule anayeibeba. Mfuko wenyewe uitwe "mfuko wa malezi".

7. Istilahi tunazopendekeza

Kwa faida ya wafasiri na walimu, twatoa muhtasari wa mapendekezo yetu, tukingoja maoni ya wasomaji.

(a) Kuzaliana: neno la jumla kwa uzazi wa viumbe wote. Litumike katika "msimu wa kuzaliana" mahali pa "msimu wa kuzaa".
(b) Kujamiiana: kukutana kwa miili ya dume na jike. Lisitumike kwa wenye utungisho wa nje.
(c) Utungisho: kuungana kwa yai na mbegu, wa ndani au wa nje.
(d) Kumwaga mayai: kuyatoa majini na kuyaacha, kama chewa na kamba mdogo.
(e) Kutaga na kufukia: kutaga mchangani na kuondoka, kama kasa.
(f) Kubeba mayai: kuyachukua nje ya mwili mpaka yaanguliwe, kama kamba kochi na kaa koko.
(g) Kuatamia: kukaa na mayai na kuyahudumia bila ya kuyaacha, kama pweza.
(h) Kuangulia tumboni: mayai kuanguliwa ndani ya mama na watoto kuzaliwa kamili, kama potwe.
(i) Mnyiri wa mbegu: mnyiri wa pweza dume unaopeleka mbegu kwa jike.
(j) Mfuko wa malezi: mfuko wa farasi-bahari dume unaobeba mayai na watoto.

8. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja geni. Hatukulazimika kukopa, wala kubuni mzizi mpya. Tumeyagawa upya maneno yaliyokuwapo, kila moja na kazi yake. Twakiri kwamba hatukuyagawa peke yetu. Mgawanyo wa kwanza, ule wa mayai ya ndani na ya nje, tuliupewa ufukweni na mtu aliyetuuliza swali.

Ile rasimu tuliiandika upya jioni ile ile, na kesho yake asubuhi tukamsomea mzee wetu: "Ni marufuku kuvua kamba kochi aliyebeba mayai chini ya mkia." Alinyamaza kidogo, akasema: "Huyo tunamjua."